Saa ya Ng'ambo

Tunduma ni mji wenye saa mbili, na anayetaka kubisha aende akasimame pale mpakani asubuhi. Upande wetu maduka yamekwisha kufunguliwa, chai imekwisha kunywewa, na wabeba mizigo wamekwisha kutukanana mara ya kwanza. Ukivuka kwenda Nakonde, hatua chache tu, unakuta wenzetu ndio kwanza wanapiga miayo, kwa sababu saa ya Zambia iko nyuma ya yetu kwa saa nzima. Ndiyo maana mtu wa Tunduma ukimwambia mkutane saa nne, hakujibu ndiyo wala hapana. Anakuuliza kwanza, "Ya kwetu au ya ng'ambo?" Ni adabu ya mji, kama kupiga hodi. Mgeni asiyeijua huonekana mshamba hata kama ametoka Dar es Salaam na amevaa tai.

Nimeanza na saa kwa sababu saa ndiyo iliyoniponza. Wapo wanaosema muda huponya kila kidonda. Mimi haujaniponya, na sioni haya kusema kwamba kinyongo ninacho mpaka leo. Kinyongo changu hakina shida, kinakula kidogo na kulala mapema, lakini kipo.

Nilizaliwa Igamba, kule Mbozi, ndani ya kahawa. Baba yangu alikuwa mtu wa maneno machache ambaye aliongea na mibuni zaidi kuliko alivyoongea na sisi. Wanunuzi binafsi waliporuhusiwa kuingia vijijini wakaja na mizani zao, kila mmoja na yake, na baba akajifunza kunyamaza zaidi. Nilipomaliza kidato cha nne alinipeleka Tunduma kwa dada yake, shangazi yangu, aliyekuwa na duka la vitenge na mafuta ya kula. Wateja wake wengi walikuwa Wazambia, na Kiswahili chake kilikuwa kimeota majani ya Kibemba. Asubuhi namsaidia dukani, mchana nasoma kompyuta. Ndivyo walivyokubaliana watu wazima, na mimi nilifurahi kama mjinga.

Chuo chenyewe kilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la mabati. Kompyuta zilikuwepo, chache, za rangi ya maziwa yaliyoganda, lakini hazikuunganishwa na chochote. Hazikujuana hata zenyewe kwa zenyewe. Kozi yetu ilikuwa ya mitandao ya kompyuta na mawasiliano, na tuliisoma bila mtandao, kama watu wanaofundishwa kuogelea juu ya kitanda.

Mwalimu wetu hakuwa mtu wa kukata tamaa, na hilo simnyimi. Alikwenda mnadani akanunua kamba ya katani, ile ambayo wafugaji wa Ndalambo wanafungia ng'ombe, akaikata vipande, akatutoa uani. "Leo nyinyi ndio kompyuta," akasema. Mmoja anasimama katikati, wengine tunamzunguka, kila mmoja ameshika ncha ya kamba yake na ncha nyingine ameishika aliye katikati. Hiyo ndiyo topolojia ya nyota. Mwenye ujumbe anavuta kamba, aliye katikati anaupokea na kuvuta kamba ya mlengwa. Mwalimu akimwambia wa katikati aachie kamba zote, sote tunabaki tumeshika vipande vinavyoning'inia, na yeye anapiga makofi. "Mmeona? Wa katikati akifa, mtandao wote umekufa!" Wapita njia walichungulia ukutani wakidhani tunacheza rede.

Maana za maneno alizifundisha kwa namna hiyo hiyo, na ndiyo maana sijazisahau. Habi, alisema, ni mmbeya, ukimpa neno moja analipeleka kwa kila mtu. Swichi ni mtu mwenye siri, anampa mwenyewe tu. Rauta ni yule anayekaa mlangoni na kujua njia za nje ya ua. Seva ni mama wa nyumba, wote mnamwomba yeye, na akiugua mnalala njaa. Bendiwidi ni upana wa mlango. Hapo alitusukuma wanne tupite mlangoni kwa pamoja, tukakwama, msichana mmoja akapoteza kiatu. Mimi niliwekwa katikati ya nyota mara nyingi kwa sababu nina sauti, na kwa sababu sikuwahi kukosea kamba. Nilikuwa hodari, na nalisema bila kung'ata ulimi, maana hakuna mwingine aliyebaki wa kulisema.

Siku ya somo la simu za mkononi, alichora ubaoni duara nyingi zinazogusana. Kila duara ni seli, na kila seli ina mnara wake. Simu ikitembea, mnara mmoja unaikabidhi kwa mwingine kama mtoto anayepokezanwa na akina mama kanisani. Kisha akachora mstari katikati ya ubao, upande huu akaandika Tunduma, upande ule Nakonde, akatuuliza: mnara wa kwenu ukinyamaza, simu itafanya nini? Tukajibu kwa pamoja: itatafuta mwingine. Na mwingine wa karibu ukiwa wa nchi nyingine? Hiyo ni rominga, akasema, na tukaimba maana yake mara kadhaa hadi mwenye duka la mabati akaja kulalamika: simu kupokelewa kama mgeni na mtandao usio wake.

Somo hilo lilituchekesha kwa sababu lilikuwa maisha yetu. Sisi wa Tunduma tulikuwa tunapokelewa kama wageni tukiwa kitandani kwetu. Unajifunika shuka, simu inalia, unasoma: Karibu Zambia. Wengine walikuwa wanakaribishwa jikoni, wengine chooni. Shangazi alikuwa anaishukuru kwa Kibemba, kwa sauti, "Natotela mukwai, lakini siendi popote," halafu anaifuta meseji. Sote tulizifuta bila kuzisoma. Maana ya rominga tuliiimba yote, neno kwa neno, lakini mle ndani saa haikuwemo. Hakuna aliyetuambia kwamba mwenyeji akimpokea mgeni, anampa na saa yake.

Nilipopata cheti, baba alishuka kutoka Igamba akakishika kwa vidole viwili kama mtu anayeshika yai. Akaniambia mbele ya shangazi kwamba kahawa haiwezi kusomesha wawili kwa pamoja. Mdogo wangu anayenifuata naye alikuwa anamaliza shule. Kwa hiyo, nikipata kazi, nitamsomesha mimi, na nyumba nzima itakuwa imevuka. Nikikosa, zamu yangu itakuwa imekwisha. Nitarudi kwenye mibuni, na yeye atachukua nafasi yangu mjini. Hakusema kwa ukali. Baba hakuwa na ukali, alikuwa na hesabu tu. Kisha akatoa kwenye mfuko wa koti simu mpya, bado iko kwenye boksi lake, akanipa. Ile niliyokuwa nayo zamani ilikuwa imefungwa kwa mpira wa bendi na saa yake nilikuwa naijaza mwenyewe kwa vidole. Hii mpya ilijijaza yenyewe, ikichukua saa kutoka mnarani. Niliona fahari kubwa. Nilimweleza baba jinsi inavyofanya, na yeye akaitikia kwa kichwa kama anavyoitikia mahubiri.

Haikupita muda likaja tangazo la kampuni moja ya simu. Walitaka vijana wa kufundishwa usimamizi wa minara, wanaojua misamiati ya mitandao, na kwa upande wetu wa mpakani walihitaji mtu mmoja. Mmoja tu. Niliomba, nikaitwa kwenye usaili Mbeya, saa mbili kamili asubuhi. Mwalimu alinifanyia majaribio uani bila kamba. Aliuliza, nikajibu, akauliza tena kwa kunitega, nikajibu. Mwishowe akasema, "Wewe wasipokuchukua, na mimi nirudi kwetu nikalime viazi."

Nilitaka kwenda Mbeya siku moja kabla, tulikuwa na ndugu wa ukoo huko Mbalizi. Shangazi akakataa. Kuna wateja wake walikuwa wanavuka kutoka Nakonde jioni ile kuchukua mzigo, na peke yake hawezi. "Kosta za alfajiri ziko tele," akasema. "Utaamka saa ngapi?"

"Saa kumi."

"Ya kwetu au ya ng'ambo?"

Nikacheka. "Ya kwetu, shangazi. Usaili uko Mbeya, si Lusaka."

Nikatega kengele ya simu, nikaiweka karibu na kichwa. Ile jioni umeme ulikuwa umekatika mji mzima. Sikujali, kwa Tunduma hilo si habari. Nilijua kwamba mnara wa kampuni ile, kampuni yenyewe niliyokuwa naiendea, una jenereta yake kwa ajili ya siku kama hizo. Jambo ambalo sikulijua ni kwamba jenereta hiyo haikuwa na mafuta.

Simu iliponiamsha ilionyesha saa kumi kamili. Juu yake kulikuwa na ujumbe: Karibu Zambia. Nikaufuta kwa kidole gumba, macho bado hayajafunguka vizuri, kama nilivyofuta mingine yote. Nikaoga, nikavaa sketi niliyoinyoosha tangu juzi, nikatoka. Barabarani niliona kama kumepambazuka mno, lakini Tunduma haina giza la kweli. Foleni ya malori ya kwenda Zambia imewasha taa tangu huku hadi unakochoka kuangalia, na vumbi linang'aa. Nikasema ni taa. Stendi ilikuwa imechangamka kuliko nilivyotegemea. Nikasema ni siku ya gulio. Mtu akiwa na uhakika, kila kitu kinamjibu anavyotaka. Na mimi nilikuwa na uhakika kutoka mnarani.

Ndani ya Kosta niliitumbukiza simu chini kabisa ya mkoba na kuukalia, kwa hofu ya vibaka. Tukapita mzani wa Mpemba, tukapita Vwawa, Mlowo. Nilikuwa nimefumba macho, narudia misamiati kimyakimya. Masafa. Seli. Makabidhiano. Anwani. Rominga. Huko nyuma, chini ya makalio yangu, simu ilikuwa imeshaona mnara wa kwao, ikautambua, ikarudi nyumbani. Ikarekebisha na saa yake. Haikuniambia kitu. Waongo wakubwa ndivyo walivyo, hujisahihisha kimya.

Nilifika getini kwa ile kampuni nikitembea pole pole ili nisitoke jasho. Nilikuwa na nusu saa mkononi, kwa hesabu yangu. Mlinzi alinitazama.

"Unakwenda wapi, dada?"

"Kwenye usaili. Nimewahi kidogo, naweza kusubiri hapa nje."

"Umewahi usaili wa kesho?" akasema. "Wenzako wameingia zamani. Majina yameshaitwa."

Nilimcheka. Nakumbuka kabisa kwamba nilimcheka yule mzee wa watu. Nikafungua mkoba, nikapekua hadi chini, nikatoa simu ili nimwonyeshe. "Tazama, mzee wangu," nikasema, na nikaiinua mbele ya uso wake kabla sijaitazama mwenyewe.

Alitazama. Akasema, "Ndiyo. Saa mbili na nusu."

Nikaigeuza. Saa mbili na nusu. Simu ile ile. Ilikuwa imeniamsha kwa saa ya Zambia na sasa imesimama mbele ya mlinzi inatoa ushahidi kwa saa ya Tanzania, bila aibu. Palepale nilielewa kila kitu, na ufahamu wenyewe ulikuja na maneno yake yote ya darasani, kwa mpangilio, kama vile mwalimu anaita kamba moja moja. Mnara ulizimika. Simu ikatafuta mwingine. Mwingine ukaipokea. Nilikuwa naweza kueleza msiba wangu kwa lugha sanifu kuliko mtu yeyote Mbeya nzima asubuhi ile, na haikunisaidia kitu.

Mlinzi alinionea huruma akanipeleka ndani. Walikuwa watatu mezani. Mwenyekiti, ambaye alikuwa baba wa makamo aliyetoka makao makuu, mwanamke mmoja aliyekuwa anaandika kwenye kompyuta mpakato, na fundi wao wa kanda yetu, kijana mwenye kitambulisho shingoni. Hawakuniambia nikae.

"Una sababu?" mwenyekiti akauliza.

Nikaeleza. Sikulia, sikujikanyaga. Nilisema mnara wa Tunduma ulikuwa hauko hewani usiku, simu yangu ikaingia kwenye rominga na mtandao wa Nakonde, ikachukua saa ya kule, ambayo iko nyuma ya yetu, na kengele ikalia kwa saa hiyo. Nilitumia kila neno mahali pake. Mwalimu angesikia angepiga makofi.

Mwanamke yule aliacha kuandika, akatabasamu. Hakuwa mbaya, na hilo ndilo linalouma. "Dada," akasema, "tumesikia foleni, tumesikia msiba, tumesikia pancha. Zambia ndiyo mara ya kwanza." Mwenyekiti akacheka hadi mabega yakatikisika. Kisha akamgeukia fundi. "Hili linawezekana?"

Nilimtazama yule kijana. Kama kuna mtu duniani aliyekuwa anajua, ni yeye. Alikuwa anapanda mnara ule ule. Jenereta ile ile ilikuwa juu yake, na mafuta yake, na taarifa ya kila asubuhi kwa wakubwa kwamba kila kitu kiko hewani. Alikizungusha kitambulisho chake kwenye kidole, huku na huku.

"Mnara wa Tunduma haukuzimika," akasema. "Na simu haibadilishi saa bila mwenyewe kukubali."

"Ulizimika," nikasema. "Muulize mtu yeyote wa Tunduma."

"Hatuwezi kuuliza Tunduma nzima," mwenyekiti akasema. Hakuwa anacheka tena. Akaangalia saa yake ya mkono, kubwa, ya dhahabu au ya rangi ya dhahabu. "Binti, wahenga walisema chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Kazi yetu ni kazi ya dakika. Mtu asiyejua saa ya mahali anapoishi tutampa minara aisimamie?"

Nilitoka. Hawakuniuliza swali hata moja. Hawakuniuliza habi ni nini, wala swichi, wala tofauti ya seli na seva. Maneno yote niliyoyabeba kutoka Tunduma nilirudi nayo Tunduma mazima, hakuna hata moja lililotumika isipokuwa lile la rominga, na hilo waliliona hadithi.

Shangazi aliponiona narudi kabla ya jua kuegemea alijua. Nilimweleza yote. Akakaa juu ya gunia, akaitazama simu pale mezani. "Kumbe tunaulizana sisi kwa sisi miaka yote," akasema, "na hii hakuna aliyeiuliza." Mteja wake, mama mmoja wa Nakonde aliyekuwa anachagua kitenge, alitaka kujua kuna nini. Shangazi akamweleza kwa Kibemba. Yule mama akaguna, akasema "mayo," yaani mama yangu, akatikisa kichwa. Wa Nakonde alielewa mara moja bila ubao wala kamba. Ila hakuwa kwenye ile meza ya Mbeya.

Hapo nilimchukia shangazi kwa muda. Nilimchukia kwa wale wateja wake na mzigo wao wa jioni, maana ningelala Mbalizi haya yote yasingekuwepo. Sikumwambia. Nadhani alijua, kwa sababu wiki ile nzima alinipikia wali.

Nilirudi Igamba kama ilivyokuwa ahadi. Ulikuwa msimu wa kuchuma. Baba alikuwa shambani, kikapu kimefungwa kiunoni, na mimi nikafunga changu nikaingia mstari wa pili, kando yake, tukachuma. Nikamweleza huku tunachuma, bila kutazamana, kwa sababu baba mambo mazito aliyapenda hivyo. Nilieleza kila hatua. Alisikiliza hadi mwisho, mikono haikusimama.

"Kwa hiyo," akasema, "ulilala Tunduma ukaamkia Zambia."

"Ndiyo, baba."

"Na huko Zambia nako hawakukupa kazi."

Nikacheka, naye akacheka kidogo, na nikadhani tumemaliza. Lakini mikono yake ikasimama. Akauliza, "Ni simu ile? Ile niliyokuletea mimi?"

Ningeweza kumdanganya. Nilitafuta uongo haraka haraka, lakini baba alikuwa amekwisha kuuona uso wangu. Akarudi kwenye kahawa. Akachuma tawi zima hadi likabaki tupu, ndipo akasema: "Nilikwenda Mlowo kukununulia saa ya mkono. Nilikuwa nimeishika. Yule muuzaji akaniambia, mzee, saa ya nini, chukua simu, saa imo ndani."

Nikasema, "Si kosa lako, baba."

"Nilikuwa nimeishika," akasema tena.

Hakulizungumza tena, kamwe. Mdogo wangu alikwenda mjini kwa zamu yake, akasoma ualimu, na hajambo, wala simlaumu. Mimi nilibaki na mibuni. Niliolewa hapo hapo Igamba, nikazaa, nikawa mama mwenye kikapu kiunoni anayejua topolojia ya nyota. Lakini baba alibadilika kwa jambo moja. Kila nilipokuwa na safari, hata ya Vwawa tu, hata ya kanisani, alikuja alfajiri mwenyewe, kwa miguu, kugonga dirisha langu. "Kumekucha," anasema. Mume wangu aliona ni mazoea ya uzee. Nilimwambia baba mara nyingi aache, ninayo saa sasa, nimenunua. Akawa anaitikia kwa kichwa, na safari inayofuata yuko dirishani na koti lake lililolowa umande. Kifua kilichokuja kumuua kilianzia kwenye baridi ile ya alfajiri, na daktari aseme atakavyo.

Mwaka uliofuata baada ya kumzika nilishuka Tunduma kumwona shangazi. Miguu ilikuwa imemchoka, duka anaendesha mtu mwingine, yeye anakaa mlangoni na kuwauliza watu saa zao ni za wapi. Tulikuwa tunakunywa chai simu yangu ikalia. Karibu Zambia. Nikaifuta. Ikalia tena, na hii ya pili ilitoka kwa kampuni ile ile ya Mbeya. Nikaisoma kwa sauti ili shangazi asikie:

Ndugu mteja, ukiwa maeneo ya mpakani simu yako inaweza kunasa mtandao wa nchi jirani na saa yake ikabadilika yenyewe. Tafadhali hakiki saa kabla ya kulala. Asante kwa kuwa nasi.

Shangazi aliweka kikombe chini. "Kumbe wanajua," akasema.

Nilimsomea mara ya pili, kwa sababu aliomba. Mara ya tatu nilijisomea mwenyewe. Maneno yenyewe hayakujaza hata kioo kimoja cha simu. Kama wangeyaandika mwaka mmoja tu mapema, ningepanda nayo hadi Igamba siku hiyo hiyo, ningemkalisha baba kwenye kigoda, ningemshikisha simu mkononi na kumwambia, umeona, wameandika wenyewe, kosa halikuwa la zawadi yako. Sasa amelala mwisho wa mstari wa pili wa mibuni, na alikwenda huko akiamini kwamba ni yeye aliyeniponza. Ujumbe sikuufuta. Sina wa kumwonyesha, lakini sikuufuta.